Ukali wa ugonjwa sugu wa mapafu: maswali tunayoulizwa kila wiki kliniki ya kifua, Moshi

Maswali haya yametoka kwenye benchi la nje ya chumba chetu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua hapa Moshi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwapulizisha watu mashine na kuandika kinachotoka. Wanaouliza ni wagonjwa, watoto na wajukuu waliowasindikiza kutoka Kibosho, Uru, Himo au Arusha, na wauguzi wapya. Kuna jibu moja ninalolirudia kuliko yote, kwa hiyo nalitanguliza: ukali wa ugonjwa huu hausemwi kwa neno moja, wala hausemwi bila tarehe.

## Mambo ya mwanzo

1. Huu ugonjwa sugu wa mapafu si ndiyo pumu?

Hapana, ingawa yote mawili hubana kifua na baadhi ya dawa ni zilezile. Pumu mara nyingi huanza utotoni, huja na kuondoka, na dawa ikishika njia za hewa hufunguka vizuri. Ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaoandikwa COPD kwenye kadi, huingia taratibu, kwa kawaida baada ya miaka 40, na njia za hewa zilizobanwa hazifunguki zote hata kwa dawa. Wapo wenye vyote viwili. Kovu la kifua kikuu na vumbi la mgodini tumeyatenga kwenye swali la 16 na la 17.

2. Sijawahi kushika sigara maishani. Nimeupataje?

Swali hili huulizwa zaidi na akina mama, na huulizwa kwa uchungu, kama vile wametuhumiwa. Ukiingia jiko la kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, wakati wa masika, kuni hazijakauka, mafiga matatu, dirisha moja dogo, utaona masizi yamening'inia kwenye mapaa kama nyuzi. Mama amepika hapo miaka 30, mara mbili tatu kwa siku, tena akiwa na mtoto mgongoni. Hali ni hiyohiyo kwenye nyumba za boma kule Monduli, ambako moto uko ndani na paa ni la chini. Moshi wa kuni unatosha kabisa kuharibu vijia vidogo vya hewa bila sigara hata moja.

Chanzo hakibadilishi daraja lako la ukali, ambalo limeelezwa swali la 5. Kinachobadilika ni safari ya mbele: anayeendelea kuvuta moshi ule ule, wa sigara au wa kuni, huporomoka haraka kuliko aliyeuacha.

3. Mnaposema "umezidi" au "ni wa wastani", mnapima nini hasa?

Tunapima vitu vitatu, na kila kimoja kinakwenda njia yake. Cha kwanza ni pumzi: hewa inatoka kwa kasi gani ukipuliza kwa nguvu zote. Cha pili ni dalili, yaani ugonjwa unakuzuia kufanya nini nyumbani na shambani. Cha tatu ni idadi ya mara ulizozidiwa ndani ya miezi 12 iliyopita.

Nimeona mama mwenye pumzi ya asilimia 38 ya inayotarajiwa kwa mtu kama yeye, anayeuza ndizi Mbuyuni kila siku, na mzee wa asilimia 60 asiyetoka kitandani. Ukiangalia kipimo kimoja tu utamwonea mmoja wao. Mwongozo wa kimataifa wa GOLD, ambao ndio unaotumika sana, nao umetenganisha pumzi na hayo mengine mawili tangu mwaka 2017.

## Kipimo cha kupuliza

4. Kinafanyikaje? Kinauma?

Hakiumi, ila kinachosha. Unakaa wima, nakubana pua kwa kibanio, unavuta hewa hadi kifua kijae, unabana midomo kwenye bomba, halafu unapuliza ghafla kwa nguvu zako zote na kuendelea hadi hewa iishe. Mwisho huo ndio mgumu. Watu wengi huacha sekunde ya tatu wakidhani wamemaliza, ndiyo maana utanisikia hadi nje nikisema "maliza, maliza, bado ipo, maliza!" Tunahitaji mipulizo mitatu iliyo safi, na miwili iliyo bora isipishane zaidi ya mililita 150. Zikipishana zaidi tunarudia, lakini hatupitishi minane.

Baada ya hapo unapewa salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, mikrogramu 400, kwa pampu na chupa lake. Unakaa kwenye benchi dakika 10 hadi 15, kisha unapuliza tena. Daraja huandikwa kwa matokeo ya raundi hii ya pili. Ya kwanza haitoshi.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Kituo nilichoanzia kazi tulikuwa tunaandika namba bila kusema ni ya kabla ya pampu au baada. Baba mmoja alibeba kadi yetu miaka miwili ikisema ugonjwa wake ni mkali, akaacha kazi ya udereva kwa ajili hiyo. Alipokuja kupimwa vizuri, baada ya pampu, alikuwa daraja la 2. Mwandiko ule kwenye kadi ulikuwa wangu. Tangu siku hiyo sijaandika namba bila neno "baada" na tarehe pembeni yake.

5. Karatasi ina namba nyingi. Nisome ipi?

Mbili. Ya kwanza ni uwiano: hewa iliyotoka sekunde ya kwanza ikigawanywa kwa hewa yote iliyotoka. Ukiwa chini ya 0.70 baada ya pampu, njia za hewa zimebanwa. Uwiano unajibu kama ugonjwa upo. Haujibu ni mkali kiasi gani.

Ya pili ni FEV1, ile hewa ya sekunde ya kwanza, ikilinganishwa na inayotarajiwa kwa mtu wa umri, urefu na jinsia yako. Asilimia 80 na kuendelea ni daraja la 1. Kuanzia 50 hadi 79 ni daraja la 2, kuanzia 30 hadi 49 ni la 3, na chini ya 30 ni la 4. Madaraja haya yana maana pale tu uwiano umeshaonyesha kwamba njia zimebanwa.

Na ukipata nafasi, mwombe muuguzi akuonyeshe mchoro. Mwenye mapafu mazima, mstari wake hupanda haraka na kushuka karibu umenyooka. Mwenye ugonjwa huu, mstari unapanda, unaanguka ghafla, kisha unajivuta chini kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea. Watu wakishaona kamba ile huelewa kwa nini wanahisi hewa "imekwama ndani". Kweli imekwama.

6. Nimeambiwa asilimia 45. Maana yake zaidi ya nusu ya mapafu yangu yamekufa?

Hapana. Maana yake hewa inayotoka kwako sekunde ya kwanza ni asilimia 45 ya ile inayotarajiwa kwa mtu kama wewe. Ni kipimo cha kasi ya njia, hakihesabu nyama ya pafu iliyobaki. Wala si asilimia 45 ya maisha. Wapo wanaohesabu hivyo, na hubeba huzuni isiyo na sababu.

7. Nilipimwa Arusha wakasema daraja la 2. Wiki iliyofuata Moshi wakasema la 3. Nani kakosea?

Huenda hakuna. Kabla ya kulaumu mtu, linganisha karatasi mbili kwa mpangilio huu: je, zote ni za baada ya pampu? Urefu ulioandikwa ni uleule? Sentimita chache zinatosha kusogeza asilimia, na wapo wanaoandika urefu wa kwenye kitambulisho badala ya kumsimamisha mtu ukutani. Je, mashine zinatumia kanuni ileile ya makadirio? Kila mashine imewekewa jedwali la watu wa kulinganisha nao. Zipo za zamani, zipo za mwaka 2012 zinazotenga watu kwa asili zao, zipo za mwaka 2022 zisizotenga. Pumzi ileile moja inaweza kuitwa 53 huku na 47 kule.

Kwa hiyo angalia lita. Lita hazibadiliki kwa sababu ya jedwali. Kama Arusha ulipuliza lita 1.31 na Moshi 1.28, wewe ni yuleyule.

8. Mashine imeharibika. Picha ya kifua haiwezi kutoa daraja?

Haiwezi. Picha inasaidia kuona mambo mengine: kifua kikuu, maji, uvimbe, moyo uliopanuka. Kile kibomba kidogo cha kupima kasi ya juu ya pumzi nacho hakitoshi kutoa daraja. Wakati wa kusubiri mashine, dalili na historia ya kuzidiwa, swali la 9 hadi la 12, hupimwa kwa mdomo na kalamu tu, na dawa haisubiri mashine.

## Dalili na kuzidiwa

9. Yale maswali ya kuhema ni yapi?

Ni ngazi tano, kuanzia 0 hadi 4. Sifuri: unahema kwenye kazi nzito tu. Moja: unahema ukiharakisha tambarare au ukipanda kilima kidogo. Mbili: kwenye tambarare unaachwa na wa rika lako, au unalazimika kusimama hata kwa mwendo wako mwenyewe. Tatu: unasimama kila baada ya mita kama 100 au dakika chache. Nne: hutoki nyumbani kwa sababu ya kuhema, au unahema ukivaa na kuvua nguo.

Huku kwetu kuna tatizo: tambarare iko wapi Kibosho? Kila mtu anahema akipanda. Mimi huuliza hivi: unaenda kanisani au msikitini na nani? Zamani nani alikuwa anamsubiri mwenzake? Siku hizi je?

10. Baba anasema hana shida yoyote. Tumwamini?

Msikilize, kisha uliza alichoacha kufanya.

Babu mmoja kutoka Kibosho alikuja na mjukuu wake wa kike. Nikamwamkia, nikamuuliza maswali ya swali la 9, akajibu kwa sauti ya kujiamini kwamba yeye hahemi labda akiwa na haraka. Nikawa naandika ngazi ya 1. Yule binti akamgeukia, taratibu kabisa: "Babu, majani ya ng'ombe anakata nani siku hizi?" Mzee akanyamaza. Binti akaendelea, hakuwa anamsema vibaya, alikuwa anamsaidia: kitanda kimehamishiwa chumba cha mbele kwa sababu ya ngazi mbili za uani, na anaoga akiwa amekaa kwenye stuli. Mzee akatazama viatu vyake, akasema, "Ni kweli. Nilidhani ni uzee."

Nilifuta 1, nikaandika 3. Hakuwa amedanganya. Ugonjwa huu unakuja polepole kiasi kwamba mtu anapunguza maisha kidogo kidogo hadi yanatosha pumzi iliyobaki, na hapo hahemi kweli. Kwa hiyo nawasihi wanaosindikiza: msikae nje. Ingieni.

11. Na ile karatasi ya maswali manane?

Inaitwa CAT. Inauliza kikohozi, makohozi, kubanwa kifua, kupanda ngazi, kazi za nyumbani, ujasiri wa kutoka, usingizi na nguvu. Kila moja ni 0 hadi 5, jumla 40. Kuanzia 10 dalili zinahesabiwa kuwa nyingi. Mabadiliko ya alama 2 kati ya ziara na ziara yanatosha kutufanya tuulize kimetokea nini.

12. Kuzidiwa kunahesabikaje? Nikikohoa zaidi wiki moja ni kuzidiwa?

Kuzidiwa ni pale kuhema, kikohozi au makohozi vinapoongezeka ndani ya siku zisizozidi 14, kupita ile hali yako ya kila siku. Kwa hesabu ya kundi (GOLD huwagawa wagonjwa kwa dalili na kuzidiwa kuwa A, B au E) tunahesabu zile zilizohitaji vidonge vya steroidi au antibayotiki, na zile za kulazwa. Kwa mwongozo wa mwaka 2023, mbili za vidonge ndani ya mwaka, au moja tu ya kulazwa, zilikuweka kundi E. Usipofika huko, dalili ndizo zinazoamua: kundi A ukiwa na CAT chini ya 10 na ngazi ya kuhema 0 au 1, kundi B ukizidi hapo.

Ninachoomba ni daftari. Wengi hununua dawa duka la dawa, wanapona, wanasahau, halafu kliniki wanasema "mwaka huu sijazidiwa." Andika tarehe na jina la dawa, au tunza boksi lake.

13. Kadi yangu ya zamani inasema kundi D. Limeenda wapi?

Mwaka 2023 mwongozo wa GOLD uliunganisha kundi C na D kuwa E. Wewe hujabadilika, herufi ndiyo imebadilika. Usiifute ya zamani, andika mpya chini yake.

## Kufuatilia miaka inavyopita

14. Nipimwe kila baada ya muda gani?

Kupuliza, angalau mara moja kwa mwaka, ukiwa umetulia. Dalili na kuzidiwa, kila ziara. Ukiwa umetoka kuzidiwa, subiri wiki kadhaa kwanza, maana ukipuliza siku unaruhusiwa kutoka wodini utapata namba ya ugonjwa wa wiki ile, na namba hiyo itakufuata kwenye kadi.

15. Mwaka jana 52, mwaka huu 48. Nimeshuka daraja?

Kwa karatasi, ndiyo, umetoka la 2 umeingia la 3. Kwa mwili, pengine hakuna kilichotokea. Chukua mtu ambaye pumzi inayotarajiwa kwake ni lita 2.5. Asilimia 52 ni lita 1.30, na 48 ni lita 1.20. Tofauti ni mililita 100, na nimesema kwenye swali la 4 kwamba hata mipulizo miwili ya dakika zilezile tunaikubali ikipishana hadi 150. Mpaka wa 50 uliwekwa na watu mezani, pafu haliujui. Kutoka mwaka hadi mwaka huwa tunashtuka kweli pumzi ikishuka kwa asilimia 15 au zaidi ya lita zake za mwanzo.

Lipo pia la upande wa pili, na hili ndilo linaloniogopesha. Kila mtu mzima, hata mzima wa afya, hupoteza takriban mililita 30 kwa mwaka. Jedwali linajua hilo, hivyo linashusha matarajio unavyozeeka. Unaweza kubaki na asilimia ileile miaka mitano huku lita zinapungua na kilima cha nyumbani ni kilekile. Ndiyo maana tunachora lita kwenye karatasi moja, mwaka juu ya mwaka. Nukta mbili hazisemi mengi, ila tano zinasema.

Daraja la pumzi kwa kawaida halirudi nyuma sana. Kundi linaweza kubadilika kabisa. Mtu aliyeacha sigara, anayetumia pampu ipasavyo na kufanya mazoezi ya kutembea anaweza kutoka E akawa B, au B akawa A, huku asilimia yake ikibaki palepale. Kwake hayo ni mafanikio makubwa, na tunamwambia hivyo.

Baadhi ya kliniki huongeza kipimo cha kutembea dakika 6 kwenye korido ya mita 30. Ukiongeza au kupunguza mita 30 hivi kati ya kipimo na kipimo, ni badiliko la kweli. Mita hizo zikijumlishwa na uzito wa mwili kwa urefu, pumzi na ngazi ya kuhema tunapata alama za BODE, 0 hadi 10, ambazo zinatabiri mwelekeo vizuri kuliko pumzi peke yake. Uzito umo humo kwa sababu nzito: mgonjwa anayekonda tunamfuatilia kwa karibu hata kama lita zake hazijashuka.

## Hali zisizo za kawaida

16. Nilitibiwa kifua kikuu nikapona. Haya madaraja yananihusu?

Kwa sehemu. Kifua kikuu kinaweza kuacha njia zilizobanwa, pafu lililosinyaa kwa kovu, au vyote. Ukiwa na kovu, hewa yote inayotoka hupungua na uwiano unaweza kuonekana mzuri ilhali pumzi ni ndogo. Hapo usiandikiwe daraja la COPD kwa asilimia tu. Na kikohozi kikirudi pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, makohozi yapimwe kwanza. Hatumpulizishi mtu mwenye kifua kikuu kinachoambukiza.

17. Nilifanya kazi kwenye migodi ya Mirerani miaka mingi.

Sema hivyo kabla hujapuliza. Vumbi la mwamba linaweza kuleta silikosisi, ambayo hukaza pafu, na pia linaweza kubana njia. Linaongeza pia hatari ya kifua kikuu. Kwako picha ya kifua ni lazima, na unaweza kutumwa Hospitali ya Kibong'oto, Siha, yenye uzoefu mrefu wa magonjwa ya kifua.

18. Kipima oksijeni cha kidoleni kinaonyesha 91. Ni daraja la ngapi?

Oksijeni haina daraja kwenye mpangilio huu. Ni swali la pembeni, lakini zito. Ikibaki 88 au chini, umepumzika, umetulia, na ikarudiwa hivyo kwa siku tofauti, tunazungumzia oksijeni ya nyumbani kwa saa zisizopungua 15 kwa siku. Kumbuka pia mahali: Moshi mjini ni mita kati ya 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha ni kama 1,400, na vijiji vya mlimani huzidi hapo. Mtu yuleyule anaweza kusoma pungufu kidogo akiwa juu. Andika umepimiwa wapi. Vidole vya baridi na rangi ya kucha hudanganya mashine.

19. Nina miaka 81, uwiano ni 0.68, sina dalili yoyote. Ni mgonjwa?

Labda si mgonjwa. Uwiano hushuka wenyewe kwa umri, hivyo mpaka wa 0.70 huwanasa wazee wasio na ugonjwa na huwaachia vijana walio nao. Ukiwa kati ya 0.60 na 0.80, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kukuandikia ugonjwa wa maisha.

20. Nani asipulize?

Aliyepata shambulio la moyo karibuni, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, kifua au tumbo karibuni, anayekohoa damu. Wapo pia wazee waliosahau mambo, hawawezi kufuata maelekezo. Hao tunawapima kwa swali la 9 hadi la 12, na tunaandika wazi kwamba pumzi haikupimwa na kwa nini.

21. Nahamia kwa binti yangu Arusha. Nibebe nini?

Karatasi zenyewe za mashine, siyo kadi yenye neno "kali" peke yake. Wino wa zile karatasi laini hufifia, kwa hiyo zitolewe kopi au zipigwe picha kwa simu. Beba na daftari la kuzidiwa, na pampu zako zote hata zilizoisha. Kwenye kadi hakikisha umeandikiwa urefu uliopimwa, lita na asilimia za baada ya pampu, uwiano, ngazi ya kuhema, CAT, mara ulizozidiwa, uzito, na tarehe. Kama kimojawapo hakipo, rudi dirishani ukaombe kabla hujapanda gari.